Gari Lililokataa Mguu wa Kushoto

Mwezi uliopita tulimzika Mama Feza. Siku ya tatu ya matanga, wanawake wakiosha sufuria na wanaume wakibishana juu ya viti vya kukodi, mzee mmoja wa reli alianza kuwasimulia vijana jinsi grisi ilivyomkata mguu mume wa Mama Feza, marehemu Papa Kalenga. Niliinuka nikaenda upande wa jikoni. Huko nilimkuta Feza mwenyewe, binti wa kwanza wa nyumba ile, ambaye sasa ni bibi mwenye miwani. Aliinama nyuma ya mlango, akavuta kitu kilichouzuia usijifunge, akakifuta vumbi kwa ncha ya kitenge chake, akanipa. Kilikuwa kipande cha mti mgumu, kizito, kimechongwa upande mmoja kuwa chembamba, cheusi kwa moshi na mafuta ya miaka sitini. “Mama alisema hii ni ya Papa Sumaili,” aliniambia. “Alisema tukupatie tu, wewe mwenyewe unajua. Sisi tulikuwa tunazuia nayo mulango. Ni kitu gani, Papa?” Nilikigeuza. Namba kumi na nne ilikuwa bado ipo, imechomwa kwa chuma cha moto, ingawa ile nne ilikuwa imelika nusu. “Ni ya mulango,” nikamjibu, nikatoka nje haraka kama mtu aliyeitwa. Nimepita miaka themanini, na bado ninakimbia maswali.

Sitaeleza hapa nilizaliwa wapi wala wazazi wangu walitokea upande gani. Mwenye kutaka hayo awaulize ndugu zangu, wanapenda kuyasimulia. Nitaeleza mwaka mmoja tu, 1963, wakati mji wetu wa Kalemie bado ukiitwa Albertville. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi wa karakana ya reli, atelie kama tulivyosema wote, na mpangaji kwa Papa Kalenga. Mpangaji ni neno kubwa. Chumba changu kilikuwa nyuma ya jiko la Mama Feza, katika zile nyumba za matofali za wafanyakazi, na kilikuwa na kitanda, msumari wa kutundikia suruali, na dirisha dogo lililotazama ziwa. Ukuta kati yangu na jiko haukufika kwenye mabati. Kwa hiyo nilijua kabla ya mwenye nyumba kama leo ni ndagala, dagaa wa ziwa letu, wa kukaanga au samaki wa mikebuka kwa sombe ya majani ya mihogo, nilikula pilipili kwa pua kabla ya kuila kwa mdomo, na kila neno lililosemwa jikoni lilidondoka kitandani kwangu. Lakini dirisha ndilo lililonitesa. Kila Alhamisi meli ya Kigoma ilipiga honi mara mbili, ya kuita na ya kuondoka, na kila Alhamisi miguu iliniwasha. Kwenda kufanya nini huko, sikujua. Nilitaka tu kuwa juu ya ile meli, nimeupa mji mgongo, nishuke mahali ambapo hakuna anayejua jina langu. Nilikuwa nikila nimesimama, nikilala na viatu, nikinyoa ndevu ambazo hazijaota.

Papa Kalenga alikuwa shefu wetu, mkubwa wa mafundi wa mabehewa, mtu wa Ankoro, mwenye maneno machache na shati safi hata katikati ya grisi. Alikuwa na sheria zake, na moja ilizidi zote. Behewa likiwa juu ya reli, hakuna mtu wa kuingia chini yake kabla gurudumu halijazuiwa kwa kabari, kipande cha mti kama kile alichonipa Feza. Kila fundi alikuwa na kabari yake, yenye namba yake, ikining’inia kwenye msumari wake ukutani. Kabla ya mtu kuingia chini, na tena kabla ya behewa kuondoka, shefu aliuliza kwa sauti ya kufika bandarini: “Nani aliweka kabari?” Na aliyeiweka alijibu kwamba ndiye yeye, akitaja jina: “Njo miye, Sumaili.” Huyo ndiye peke yake aliyekuwa na ruhusa ya kuitoa. Mwingine akiigusa, hata kwa kidole cha mguu, alifukuzwa siku hiyo hiyo. Watu wa bandari walitucheka, wakasema mafundi wa reli wanasali kabla ya kushika spana.

Mwezi wa tatu, siku ya Alhamisi, Papa Kalenga aliuliza, nami nikajibu, naye akaingia chini ya behewa. Nilijibu kwa mazoea, macho yangu yakiwa kwenye mlango mkubwa, kwa sababu meli ilikuwa imepiga honi ya kwanza. Kabari yangu ilikuwa bado ukutani. Nilijiambia nitaiweka sasa hivi, nichungulie kidogo tu. Nilikuwa mlangoni nikitazama moshi wa meli niliposikia behewa likisogea, chuma kikigonga chuma, halafu sauti ambayo sitaiandika. Na kabla ya kukimbilia alipolala yeye, nilikimbilia ukutani. Hili sijaliandika popote. Nilichukua namba kumi na nne, nikaitupa karibu na gurudumu, halafu ndipo nikapiga kelele. Karatasi ya ofisi iliandika kwamba kabari iliteleza kwa sababu ya grisi iliyokuwa juu ya reli. Papa Kalenga alikatwa mguu wa kushoto, juu ya goti.

Alipotoka hospitali walimpa kazi ya kukaa stoo na kugawa nati. Magongo yalimchuna kwapani, na njia ya kutoka nyumbani hadi atelie ilikuwa ya mawe, kushuka na kupanda. Basi tulimpeleka kwa pusupusu, kile kigari cha mkono cha kubebea magunia ya mihogo, na msukumaji nilikuwa mimi. Nilijitolea mwenyewe, nani mwingine angejitolea? Kila asubuhi alikaa mle ndani na kofia yake nzuri kichwani, magongo mapajani, na wanawake waliokwenda sokoni walisema, “Pole, Papa Kalenga,” naye akainua kofia kwa kila mmoja wao. Hakuwahi kulalamika. Laiti angelalamika! Ningesukuma vile vipini kwa moyo mwepesi zaidi. Badala yake alikuwa akiniambia, “Polepole kwa jiwe ile, Sumaili,” kwa sauti ile ile aliyotumia zamani kunifundisha kushika patasi.

Mwezi wa saba kaka yake mkubwa, Papa Numbi, alifika kutoka Ankoro, kwa mtumbwi mpaka Kabalo, halafu kwa treni iliyosimama popote ilipojisikia. Alikuwa mtu mpana, mwenye sauti ya kuita ng’ambo ya mto, na alisema shida yake kabla ya kumaliza tonge la kwanza la bugali. “Mudogo wangu, miye sikuje kutembea. Nimekuja kukukamata. Kule kuna mashamba, kuna samaki, kuna batoto ba kukuletea maji. Hapa banakusukuma sawa muzigo.” Papa Kalenga aliosha mikono taratibu, akamjibu kwa jina wanaloitwa kaka wakubwa. “Na kule nitakuwa nani, yaya?” “Utakuwa muntu wa kukaa.” Mama Feza aliweka bakuli la sombe mezani kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Papa Kalenga alimega tonge, akalichovya, halafu akasema: “Unipatie mpaka mvua ya kwanza. Siku mvua inanyesha, kama siendi kazi na kurudi peke yangu, bila muntu kunisukuma, nitafunga vitu vyangu na utanipeleka.” Kaka yake alitazama mikono yangu yenye malengelenge ya pusupusu, akacheka. “Peke yako? Na muguu gani?” “Na gari yangu,” akajibu Papa Kalenga, akaendelea kula.

Lazima nilieleze gari hilo. Lilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya turubai: gari dogo la mbio, la viti viwili, lisilo na paa, jekundu lililofifia. Injinia mmoja kijana, Mzungu, alikuwa amelibadilisha badilisha mpaka waliolitengeneza wasingelitambua. Alilitia kabureta mbili, akakata springi ili lilale chini, na akalifungia bomba la moshi lililopiga kelele ya kuamsha wagonjwa. Mwaka wa 1960 aliondoka kwa haraka, akamwachia Papa Kalenga gari hilo na karatasi ya kumpa, aliyoiandika juu ya boneti. Papa Kalenga naye akalibadilisha tena. Alilinyanyua kwa springi nyingine kwa ajili ya mawe yetu, na miaka miwili aliliendesha kwenda kanisani kila Jumapili, Mama Feza pembeni akiwa ameshika kitambaa cha kichwa. Gari la mbio lililokwenda mwendo wa harusi! Lakini lilitaka klachi, na klachi inataka mguu wa kushoto. Sasa, nyuma ya bandari kulikuwa na gari lingine, la Kimarekani, refu, jipya kuliko lile, la mkurugenzi fulani aliyekwisha kuondoka. Lilikuwa limegonga nguzo, pua yote imeingia ndani, na wenye bandari waliomba tu mtu awaondolee uchafu ule. Dereva wake wa zamani alizoea kuturingia kwamba gari lake lina pedali mbili, ya mafuta na ya breki, basi. Unasukuma kijiti mara moja na gia zinajibadili zenyewe. Otomatiki, alisema, akilitamka kama jina la mchumba. Papa Kalenga alikuwa amelifikiria gari hilo tangu kitandani hospitalini. Alitaka tutoe bwati yake, lile sanduku la gia, tuitie kwenye gari lake dogo.

Tulianza Jumamosi. Kabla sijashika spana, alimwita Mama Feza alete kitu kutoka chini ya kitanda. Ilikuwa kabari namba kumi na nne. Alikuwa ameiomba pale atelie iwe ukumbusho, nao wakampa. “Weka hii,” aliniambia. Nilitafuta kitu usoni mwake, sikukiona. Niliiweka mbele ya gurudumu la nyuma, nikajigonga kidole. Tangu siku hiyo, kila tulipoanza kazi aliuliza kama zamani, “Nani aliweka kabari?” nami nikajibu, “Njo miye, Sumaili”.

Kazi yenyewe ilikuwa ya vichaa. Uso wa bwati ile haukulingana na uso wa injini yetu, kwa hiyo tulikata sahani nene kutoka chuma cha tanki la treni ya mvuke, tukaitoboa matundu ya huku kwa ajili ya injini na ya kule kwa ajili ya bwati, saa za chakula pale atelie, mafundi wenzetu wakilinda tusionekane na ofisi. Bwati ilikuwa nene, gari lilikuwa jembamba, tukapasua sakafu. Tukafupisha ule mhimili unaopeleka nguvu nyuma, kiasi cha mkono mzima. Tukakata pedali ya klachi na kuziba tundu lake kwa kipande cha debe, na pedali ya breki tukaipanua ili mguu mmoja usiikose. Papa Kalenga alikaa kwenye kiti cha kamba akinielekeza kwa ncha ya gongo. Mama Feza alituletea chai na mihogo ya kuchemsha. Papa Numbi alikuwa amehamisha kiti chake upande wa pili wa baraza ili ayaone mawingu vizuri.

Jumapili moja ya mwezi wa tisa, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa nimejinyoosha chumbani. Jikoni Mama Feza alikuwa akisaga pilipili, na mumewe amekaa kwenye kigoda karibu yake. “Baba Feza,” nilimsikia akisema, “uyu kijana hakuli muzuri. Sahani inarudi nusu. Iko na kitu.” “Ninajua kitu yake,” akajibu. “Siku ile nilipokuwa kule chini, mbele ya kuzimia, niliangalia ukuta. Kabari ilikuwa kwa musumari.” Jiwe la kusagia likanyamaza. Nilikaa kitandani polepole ili kamba zisilie. “Na hukusema?” “Niseme kwa nani? Ofisi inamufukuza, na muguu unarudi?” “Basi miye!” Sauti yake ilipanda, halafu akaikaba mwenyewe. “Miye ninamupikia! Miezi yote hii ninamupikia muntu aliyekukata muguu!” “Mupikie,” alisema Papa Kalenga. “Ninangoja aseme mwenyewe. Akiondoka na ile kitu ndani, atakuwa muntu wa kukimbia mpaka siku anakufa.” Jioni ile sahani yangu iliwekwa mezani kwa kishindo, mchuzi ukamwagika, lakini kipande cha samaki kilikuwa kikubwa kama siku zote. Mpaka leo sijui kipi kiliniuma zaidi, kishindo au kipande.

Mtu mwenye akili angesema kila kitu kabla usiku haujaingia. Mimi nilifunga mfuko wangu. Alhamisi iliyofuata nilishuka bandarini, nikasimama kwenye mstari wa abiria, mbele yangu mwanamke mwenye kuku watatu wa kuuza Kigoma. Nilipotia mkono mfukoni kutafuta karatasi zangu, nikashika bulti mbili za bwati. Nilikuwa nimezitia humo Jumamosi nikasahau. Nilijiambia, sawa, wataendelea bila bulti mbili. Halafu nikajiambia, hawataendelea, unajua vizuri hawataendelea. Yule mama wa kuku aliniuliza, “Papa, unaingia ao hauingii?” Nikatoka kwenye mstari nikarudi mbio kupanda mlima, nimekasirika na kila kitu, na nilipofika meli ilikuwa ikipiga honi ya pili. Papa Kalenga, ambaye siku hiyo hakupata wa kumsukuma kazini, aliuona mfuko begani mwangu. Nilimpa zile bulti. “Nilikuwa nazitafuta,” alisema.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi bwati ilikuwa mahali pake. Tulimimina mafuta yake membamba, yale tuliyoyakinga kutoka gari la Kimarekani, tukaongeza mafuta ya jeki kutoka kwa rafiki wa stoo, tukapima kama tulivyofundishwa: mashine ikiwa imezimwa, imepoa, imelala kabisa. Hiyo nayo ilikuwa sheria ya Papa Kalenga, na ni sheria nzuri kwa mtu asiyetaka kupoteza vidole. Kijiti cha kupimia kilisema imejaa. Tukawasha, nikasukuma kijiti cha gia. Injini iliimba, magurudumu yalipumzika. Tukaishusha bwati, tukaifungua, tukaiosha, tukairudisha, tukapima, imejaa, tukawasha, hakuna kitu. Mara tatu. Kuna siku nililala chini ya gari lile nikalia machozi ya hasira, na grisi ikaniingia jichoni. “Moteri inaimba muzuri,” alisema Papa Numbi kutoka barazani. “Nitaikumbuka kule Ankoro.” Alikuwa amekwisha kununua kamba ya kufungia masanduku ya mdogo wake. Upande wa ziwa mawingu yalikuwa yakisimama kila alasiri, yakitishia, yakiondoka.

Jumamosi ya mwisho upepo ulinuka udongo mbichi, na mimi nilikuwa nimejaa hasira mpaka hapa. Niliwasha, nikasukuma kijiti, gari likakaa. Nikatoka nikapiga tairi teke, nikafungua kifuniko, na injini ikiwa inazunguka, kinyume cha sheria, nikachomoa kijiti cha mafuta. “Zima kwanza, Sumaili!” alipiga kelele Papa Kalenga. Kijiti kilikuwa kikavu. Kikavu kabisa! Nilikifuta, nikarudisha, nikachomoa tena. Nilimwonyesha Papa Kalenga. Mafuta yalikuwa yamekwenda wapi? Leo kila kijana wa gereji anajua: mbele ya bwati ya otomatiki kuna ngoma ya chuma, na ngoma ile hainywi mpaka injini izunguke, kisha inanywa karibu yote. Kwa wiki tatu tulikuwa tukipima chungu kabla hakijachemka. Tuliokulia kwenye mabehewa tulipima mashine iliyolala, na mashine hii ilitaka kupimwa ikiwa macho. Nilimimina kopo, nikamimina la pili, nikamimina la tatu, na katikati ya la tatu gari likatetemeka lote, likainua pua kidogo, likajisukuma kuja kwetu. Nilikuwa nimesahau kijiti kwenye gia. Kabari ikalia chini ya tairi, ikauma udongo, ikashika. Papa Numbi alisimama kwenye kiti chake. Mimi niliitazama tu ile namba kumi na nne ikiwa chini ya gurudumu, mahali pake.

Papa Kalenga aliniamuru nikalijaribu uani. Aliuliza swali lake, nikajibu ile nusu ya ukweli niliyozoea kuisema, nikatoa kabari, nikakaa. Gari likaondoka lenyewe, laini, bila mshtuko. Nikafurahi, nikazidisha mafuta, na nilipotaka kubadili gia mguu wangu wa kushoto ukafanya kazi yake ya siku zote: ukakanyaga klachi kwa nguvu zote. Lakini klachi haikuwapo. Palikuwa na pedali ya breki, pana kama sahani, tuliyoipanua sisi wenyewe. Gari lilisimama papo hapo, mimi sikusimama, na paji langu la uso likapasua nusu ya kioo. Halafu nikasikia kitu ambacho hakikuwa kimesikika nyumbani humo tangu mwezi wa tatu. Papa Kalenga alikuwa akicheka. Alicheka mpaka gongo likamwanguka. “Mumeona?” alisema, akifuta macho. “Ile gari haitaki watu wa miguu mbili!” Hata Papa Numbi alicheka, ingawa alijaribu kukificha kicheko. Mama Feza alinifunga paji la uso kwa kitambaa, akalikaza fundo kuliko lazima, na hakucheka.

Mvua ya kwanza ilinyesha Jumatatu asubuhi. Papa Numbi alikuwa barazani tayari, masanduku yamefungwa kwa kamba. Papa Kalenga alitoka amevaa koti la mvua na kofia yake nzuri, akajitupa ndani ya gari lake lisilo na paa, akaweka magongo pembeni, akawasha. Bomba la moshi lilinguruma mtaa mzima. Feza, wakati huo mtoto wa miaka sita, alikuwa ndani akitafutiwa viatu vya shule. Maji yalitiririka kwenye ukingo wa kofia ya baba yake, yakimwagika kwenye usukani. Alinitazama. “Nani aliweka kabari?” aliuliza, kwa ile sauti yake ya atelie. Nilijua kwamba akiondoka sasa hivi, peke yake, mimi sitakuwa na deni la kumsukuma tena, na Alhamisi ni baada ya siku tatu tu, na hakuna atakayeniuliza kitu maisha yangu yote. “Njo miye, Sumaili,” nikasema. Halafu nikasema mengine, kwa sauti, ili nisikike juu ya injini. “Na siku ile ya atelie sikuiweka, Papa. Nilijibu uongo. Nilikuwa naangalia meli. Niliitupa pale kisha wewe kuumia.”

Papa Numbi aliteremka ngazi za baraza kwenye mvua, ngumi imekunjwa. Sikusogea, angenipiga ningeshukuru. Papa Kalenga aliinua mkono mmoja, na kaka yake akasimama. Mama Feza alikuwa mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi. “Siku ile uliniitikia,” Papa Kalenga alisema, akitazama mbele, “na nilikusadiki. Nikaingia chini. Ile ‘njo miye’ yako iliniuma kupita muguu.” Injini ilizunguka. Niliona mdomo wake ukitetemeka, mtu yule wa shati safi, nikatamani ardhi inifunike. “Leo nimekusikia tena,” alisema. Alivuta pumzi, akashika kijiti cha gia. “Toa kabari.” Nilipiga magoti kwenye tope nikaitoa. Kisiki cha mguu wake wa kushoto kiliruka kidogo chini ya suruali iliyokunjwa, kikitafuta klachi, kisha kikatulia, na gari likaondoka. Lilishuka kilima peke yake, taa zikiwaka mchana, na wanawake wa sokoni walisimama pembeni chini ya majani ya migomba. Hakuna aliyesema pole. Mimi nilimfuata kwa miguu, kabari mkononi, nimelowa mpaka mifupa, na siku nzima alinigawia nati kupitia dirisha la stoo. Saa kumi alirudi nyumbani kama alivyokwenda.

Papa Numbi alipanda treni Jumatano. Masanduku yaliyokuwa yamefungwa kwa ajili ya mdogo wake aliyafungua mwenyewe, na mzigo wake nikausukuma mimi mpaka stesheni, kwa pusupusu ile ile. Alipopanda tu, alisema, “Umekuwa muntu,” akafunga dirisha. Nami niliondoka Alhamisi ya wiki iliyofuata. Papa Kalenga alinipeleka bandarini, nikiwa nimekaa kiti cha Mama Feza, miguu yangu yote miwili nimeikunja mbali na pedali. Mama Feza hakutoka kuniaga. Lakini juu ya mfuko wangu nilikuta furushi la ndagala wakavu, limefungwa kwa fundo lililokazwa kuliko lazima.

Nilikaa Kigoma miaka mingi. Huko ndiko nilikosikia kwamba mwaka uliofuata, mji ulipojaa watu wenye bunduki, mkubwa wao mmoja alilichukua gari lile jekundu mbele ya nyumba. Alikwenda nalo kama mita mia, akataka kubadili gia, akakanyaga kwa mguu wa kushoto, pua yake ikakutana na usukani. Alishuka na damu kifuani, akasema gari lina dawa, akakataza mtu yeyote kuligusa. Papa Kalenga alilifuata kwa magongo yake, akakaa, akarudi nalo nyumbani. Nilipoambiwa hayo nilicheka mpaka wachukuzi wa bandarini wakanizunguka, na kicheko kikageuka kilio katikati. Niliporudi Kalemie, Papa Kalenga alikuwa kaburini. Mama Feza alinipokea, akanipikia, na mpaka anakufa hatukuzungumza juu ya jambo hilo. Mlango wa jiko lake ulikuwa wazi siku zote, na sikuwahi kutazama chini kuona umezuiwa na nini.

Jumapili iliyopita nilirudi kwa Feza. Upepo wa ziwa ulikuwa mkali, na mlango wa jiko ulikuwa ukijipiga, pa, pa, pa, kwa sababu nilikuwa nimeondoka na kizuizi chake. Nilitoa kabari mfukoni nikaiweka chini ya mlango, nikaisukuma kwa mguu mpaka ikashika. “Lakini Papa, si nilikupatia?” alisema. “Ulinipatia. Kaa kwanza, mwanangu.” Alivuta kigoda, akavua miwani, akaifuta. “Siku zote walikuambia ni grisi,” nikamwambia. “Haikuwa grisi.”